MJI ULIOINGOJA RELI

Ndugu msomaji, fikiri umeonyeshwa michoro ya nyumba mpya. Unaitazama, unaona sebule, unaona vyumba vya kulala, unaona baraza pana yenye kivuli, lakini jiko hulioni. Unaigeuza karatasi huku na huku, jiko halipo. Bila shaka utadhani mchoraji amesahau.

Hakusahau. Mwanamke aliyeshirikiana naye alikusudia kabisa kwamba mama wa nyumba asiinamie moto peke yake tangu alfajiri hata usiku. Nyumba kadhaa zingekuwa na jengo moja la kupikia, chumba kimoja kikubwa cha kulia chakula, na mahali pamoja pa kufulia nguo. Kazi za humo zingefanywa na watu wenye ujuzi na kulipwa ujira wao, sawasawa na fundi seremala au mwashi.

Michoro hiyo ilitolewa katika miaka ya 1880 kwa ajili ya mji ulioitwa Pacific City, yaani Mji wa Pasifiki, ambao ulikusudiwa kujengwa kando ya hori la Topolobampo, katika jimbo la Sinaloa, kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Mji huo haukujengwa. Lakini mamia ya watu waliuza mashamba na nyumba zao wakaenda kuukaa kabla haujawako, na baadhi yao wakazikwa huko. Kilichowapeleka ni reli, na kilichowaangusha ni reli hiyo hiyo, kwa sababu haikuja.

Mambo yalianza mwaka 1872. Kijana wa miaka 25, Albert Kimsey Owen, mzaliwa wa Chester katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mtoto wa daktari aliyelelewa katika madhehebu ya Quaker, alikuwa mhandisi na mpima njia za reli. Alikwisha kufanya kazi hiyo katika milima ya Colorado, ndipo akafuatana na Jenerali William Jackson Palmer, mjenzi mashuhuri wa reli, kwenda Meksiko kutafuta njia mpya. Katika safari hiyo akafika Topolobampo. Aliona hori kubwa lililozungukwa na vilima, maji yake yametulia, nalo linafunguka kuelekea Ghuba ya California. Hapakuwa na gati. Hapakuwa na mji.

Owen alikuwa mtu wa ramani. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu reli ya kwanza ya kuvuka bara la Marekani ikamilike mwezi Mei 1869, na mizigo ya kwenda Asia ilikuwa ikipitia San Francisco. Akapima kwa jicho la fundi: njia ya kutoka kati ya Marekani hadi hori hili ingekuwa fupi kwa kilometa 600 hivi kuliko ile ya San Francisco. Basi tangu siku hiyo hadi uzee wake Owen hakuwa na neno jingine kinywani. Bandari, reli, mji.

Yafaa tutue hapa kidogo, maana pana jambo ambalo aliyekaa mjini tu huenda hajalifikiria. Reli inapopita penye nyika, faida kubwa mara nyingi haimo katika nauli za abiria. Faida imo ardhini. Ekari iliyokuwa haina thamani jana, kesho itakapokuwa hatua chache kutoka stesheni itauzwa kwa bei ya dhahabu, na mwenye nayo hakuifanyia lolote. Huko Marekani Serikali iliwapa wenye makampuni ya reli zaidi ya ekari milioni 100 ili wazijenge njia hizo. Walowezi wakaja, wakalima, wakajenga maduka na makanisa, na kila walivyozidi kutokwa jasho ndivyo bei ya ardhi ilivyozidi kupanda mikononi mwa wale waliokwisha kuishika.

Owen aliyaona hayo kwa karibu, kwani yeye mwenyewe alikuwa akiwapimia njia. Hapa ndipo alipotofautiana na wahandisi wenziwe. Aliuliza: kama ni watu wanaokuja kukaa ndio wanaoipa ardhi thamani, kwa nini thamani hiyo isibaki kwa watu wenyewe? Jibu lake lilikuwa mji ambao ardhi yake yote ingekuwa mali ya kampuni moja ya wanachama. Mwanachama angenunua hisa, akapewa haki ya kutumia kiwanja, lakini asingeweza kukilangua. Kusingekuwa na kodi. Fedha za kawaida zisingetumika ndani ya mji, bali hesabu za kazi: umefanya kazi kiasi fulani, umeandikiwa kiasi fulani, nawe unachukua katika ghala la wote vitu vya kiasi hicho. Siku ya kazi ingekuwa ya saa 8, katika zama ambazo wafanyakazi wa viwandani walikuwa wakipigwa na kufungwa kwa kuidai saa hiyo ya nane.

Mtu wa namna hii ni rahisi kumcheka, lakini ukaidi hakupungukiwa nao. Agosti 1880 alipanda meli iliyoitwa City of Vera Cruz kwenda Meksiko kutafuta kibali cha reli yake. Meli ikakumbwa na tufani karibu na pwani ya Florida, ikazama. Karibu wote waliokuwamo wakafa maji, na Owen akawa miongoni mwa wachache waliofika nchi kavu wakiwa hai. Mwingine angeliona hilo kuwa onyo. Yeye alikausha nguo akaendelea, na Juni 1881 Serikali ya Rais Manuel González ikampa kibali cha kujenga reli kutoka mpaka wa Texas hadi Topolobampo.

Kibali alikipata, fedha hakuzipata. Matajiri wa miji ya mashariki ya Marekani waliingia, wakatoka. Mwaka 1885 Serikali ya Meksiko, ikiwa imebanwa na madeni, ikasimamisha malipo ya ruzuku kwa makampuni ya reli. Hapo ndipo Owen alipogeuza mpango wake juu chini. Awali reli ingekuja kwanza, kisha mji ujengwe kwa faida yake. Sasa akasema wanachama watangulie, waujenge mji, na mikono yao ndiyo itakayoijenga reli.

Katika kazi hiyo alipata msaidizi aliyemzidi kwa mambo mengi, naye ndiye yule mama wa nyumba zisizo na jiko. Jina lake Marie Howland. Alizaliwa mwaka 1836 katika jimbo la New Hampshire. Baba yake alipofariki, binti huyu aliingia katika viwanda vya nguo vya Lowell, Massachusetts, akiwa bado mdogo, ili awalishe wadogo zake. Kwa hiyo alipoandika juu ya kazi hakuwa akibahatisha. Baadaye akawa mwalimu, akaenda Ufaransa, akaishi katika mji wa Guise, ambako tajiri mmoja, Jean-Baptiste Godin, alikuwa amewajengea wafanyakazi wake majumba makubwa yenye shule, maduka na mahali pa kulelea watoto wachanga wakati mama zao wakiwa kazini. Jambo la kuchekesha ni kwamba Godin alipata utajiri wake kwa kutengeneza majiko ya chuma. Marie alijifunza kuliondoa jiko nyumbani katika nyumba ya mtengeneza majiko!

Aliporudi kwao aliandika riwaya mwaka 1874 iliyoeleza maisha ya namna hiyo. Owen akaisoma, wakaandikiana barua, na kuanzia mwaka 1885 Marie na mumewe Edward wakawa wahariri wa gazeti la harakati hii, lililochapwa huko Hammonton, New Jersey. Katika michoro ya Mji wa Pasifiki iliyotayarishwa na msanifu John Deery wa Philadelphia, mkono wa Marie unaonekana wazi: nyumba za familia zenye bustani, majumba makubwa ya watu wengi, na kati yake majengo ya jiko la pamoja na ya kufulia. Mwanamke angekuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mume. Kazi yake ingehesabiwa. Tukumbuke kwamba wakati huo wanawake wa sehemu kubwa ya Marekani hawakuwa hata na haki ya kupiga kura.

Gazeti lilisomwa. Lilisomwa na maseremala, wakulima waliozongwa na riba za benki, walimu na mafundi waliofukuzwa kazi, hasa katika majimbo ya magharibi. Nao hawakungoja. Owen aliwasihi wasiende mpaka matayarisho yawe tayari, lakini mtu aliyekwisha kuuza shamba lake hasikii neno ‘subiri’. Tarehe 17 Novemba 1886 kundi la kwanza, watu 27, wakashuka Topolobampo. Mapema mwaka 1887 walikuwa wamefika mamia.

Walikuta nini? Walikuta hori zuri kama walivyoahidiwa, na maji ya chumvi mbele yao kadiri jicho lionavyo. Maji ya kunywa hayakuwapo. Yalibebwa kutoka mbali, bara. Penye michoro ya barabara kuu palikuwa na miiba na dungusi. Watu wakalala katika mahema, na mahema hayo yakapigwa karibu karibu. Mapema mwaka 1887 ndui ikaingia. Wazazi waliokwenda huko ili watoto wao wapate shule bila ada na chakula bila wasiwasi, wakajikuta wakichimba makaburi madogo katika nchi ambayo hata majina ya miti yake hawakuyajua.

Wapo walioondoka upesi na kuandika habari za uchungu katika magazeti ya kwao. Wengine walibaki, nami naona hao ndio wanaostahili kutazamwa kwa makini. Walisogea bara, wakakodi mashamba karibu na Mto Fuerte, penye maji. Wakafungua shule. Wakala pamoja, wakafua pamoja. Marie na Edward wakawafuata mwaka 1888, na Edward, aliyekuwa mgonjwa wa siku nyingi, akafia huko mwaka 1890. Jiko la pamoja likawako kweli, ingawa si katika jumba la fahari lililochorwa Philadelphia. Lilikuwa chini ya paa la makuti na nyasi. Na lo, hata katika mji wa usawa, waliopika walikuwa ni wanawake walewale.

Tusije tukadhani mambo haya yalikuwa ya Meksiko peke yake. Mwaka 1890 mwanauchumi wa Austria, Theodor Hertzka, alichapisha riwaya juu ya nchi huru ya wafanyakazi, na nchi hiyo akaiweka katika miinuko ya Mlima Kenya. Wafuasi wake hawakuishia kusoma. Mwaka 1894 kundi lao lilitua Lamu, likikusudia kupanda Mto Tana hadi mlimani. Walikaa miezi michache, wakagombana wao kwa wao na wakubwa wa pwani, kisha wakatawanyika bila kuuona huo mlima. Wenyeji wa Tana hawakuulizwa kama wanataka nchi huru ya Waaustria juu ya ardhi yao.

Nasema hilo kwa sababu bonde la Mto Fuerte nalo lilikuwa na wenyewe. Ni nchi ya Wamayo, waliolima kandokando ya mto huo kabla Mhispania hajafika. Katika mpango wa Owen, uliojaa haki za kila aina, sijaona nafasi yao. Owen alikuwa hodari wa kuona unyonyaji wa mwenye reli, lakini jicho lake halikufika kwa mwenyeji aliyekwisha kusukumwa pembeni kabla yeye hajaja na mpango wake.

Turudi mtoni. Kulima pasipokuwa na mvua ya kutosha kulihitaji mfereji, na mfereji ulihitaji fedha. Mwaka 1889 Christian Hoffman, mfanyabiashara wa Kansas aliyeipenda fikra ya ushirika, aliunda kampuni ya kununua ardhi na kugharimia kazi hiyo. Watu wapya wakaja kutoka Kansas na Colorado, na kuanzia 1890 hadi 1892 wakachimba mfereji wa Los Tastes, urefu wake yapata kilometa 12. Walichimba kwa sepetu, kwa majembe na kwa kukokota udongo kwa nyumbu, kwenye jua la Sinaloa ambalo si la mchezo. Hawakulipwa fedha. Walipewa hati: kila siku ya kazi iliandikwa, na hati hizo zingekuja kulipwa kwa maji ya mfereji wenyewe. Wanaume, wanawake na vijana walikwenda. Yasemekana hakuna wakati ambapo koloni hilo lilikuwa na umoja kama wakati wa mfereji, na mimi sioni ajabu, kwa kuwa mtu akishika jembe haulizi sana habari za katiba.

Maji yalipoingia mwaka 1892, ugomvi ukaingia nyuma yake. Ardhi iliyokuwa nyika sasa ilikuwa na thamani; yaani jambo lile lile alilolieleza Owen juu ya reli likatokea kwa mfereji. Wengine wakasema: nimechimba kwa mikono yangu, nipeni shamba langu na hati yenye jina langu. Wengine wakajibu: ukimpa mmoja hati leo, kesho atamwuzia tajiri, na koloni limekwisha. Waliomfuata Owen wakaitwa kwa kejeli ‘watakatifu’. Waliodai hati wakaitwa ‘wapiga mateke’, kama punda akataaye mzigo. Familia zilizokula meza moja zikaacha kuamkiana.

Ni rahisi leo, tumekaa vitini, kuwalaumu wapiga mateke kwamba waliusaliti ushirika. Nilipoanza kusoma habari hizi nilikuwa na fikra hiyo hiyo. Lakini waliahidiwa reli, na reli ndiyo ingepeleka mazao yao sokoni. Mwaka wa sita ulikuwa umepita bila hata filimbi ya gari moshi. Owen mwenyewe muda mwingi hakuwapo. Alikuwa New York au London au mji wa Meksiko akitafuta wakopeshaji. Maamuzi makubwa aliyafanya yeye na wakurugenzi wake, mbali, na wachimbaji wakapelekewa habari. Ushirika ambao mwanachama anashika jembe tu, asishike kalamu ya hesabu, si ajabu ukawa mzigo. Kwa upande wa pili, watakatifu nao walibashiri sawasawa yatakayotokea.

Owen aliondoka mwaka 1893, mwaka wa msukosuko mkubwa wa mabenki huko Marekani, asirudi tena. Watu wapatao 1,200 walikuwa wamepita katika koloni hilo kwa nyakati mbalimbali. Wachache wakabaki wakilima. Naye Benjamin Johnston, Mmarekani mwenye shabaha moja tu, akaingia katika biashara ya sukari ya bonde hilo. Kidogo kidogo ardhi na maji, pamoja na mfereji wa Los Tastes, vikaangukia upande wake. Zile hati za siku za kazi zikabaki karatasi. Kando ya kiwanda cha sukari ukakua mji wa Los Mochis, uliotambuliwa rasmi mwaka 1903, barabara zake pana na zilizonyooka. Maji yaliyochimbwa na ‘watakatifu’ na ‘wapiga mateke’ kwa pamoja yakamwagilia miwa ya bwana mmoja.

Hata hayo hayakudumu. Mwaka 1938, katika utawala wa Rais Lázaro Cárdenas, mashamba ya kampuni ya sukari yalitaifishwa na kukabidhiwa wakulima na vibarua wa hapo, ambao wengi wao babu zao hawakuwahi kuisikia riwaya yoyote ya mji wa usawa. Wakaunda chama chao cha ushirika cha kulima miwa.

Na reli? Mwaka 1900 Arthur Stilwell, tajiri wa Kansas City, aliifufua njia ya Owen, bila Mji wa Pasifiki na bila jiko la pamoja. Alitandika mataruma upande wa nyanda, akatandika kidogo upande wa pwani, lakini milima ya Sierra Madre ikamshinda, mapinduzi ya Meksiko yakaanza mwaka 1910, na mwaka 1912 kampuni yake ikafilisika. Kazi ya kuipasua milima hiyo ilikuja kumalizwa na Serikali ya Meksiko. Njia hupita katika mahandaki 86 na madaraja 37, ikipanda hadi mita 2,400 juu ya usawa wa bahari kabla ya kuteremka pwani. Tarehe 24 Novemba 1961 Rais Adolfo López Mateos aliizindua. Ilikuwa imepita miaka 89 tangu Owen alipolitazama lile hori.

Owen alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1916, huko Marekani. Marie Howland hakukata tamaa na watu. Mwaka 1899 alihamia koloni jingine, Fairhope katika jimbo la Alabama, ambako ardhi ilikuwa ya wote na kila mtu alilipa kodi ya kiwanja chake katika mfuko wa jumuiya. Alichukua vitabu vyake na vya marehemu mumewe, akavipanga nyumbani kwake, akaufungua mlango kwa yeyote aliyetaka kusoma. Maktaba hiyo aliitunza mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1921.